Raja Hajanenepa

Idara ya Sura Tukufu ya dola ya Manjhkot inayo furaha kubwa kuwatangazia wakazi wote, wa bondeni na wa milimani, kwamba Mtukufu Raja Ugar Pal hajanenepa.

Tangazo hilo lilipigiwa ngoma kwenye njia panda zote saba za mji, na aliyeliandika ni mimi, Dhian Das, Mkuu wa Idara. Wakati ninaliandika hakuna mtu aliyekuwa ameuliza. Lakini serikali makini haingoji kuulizwa. Inajibu mapema, ili swali likifika likute mlango umekwisha kufungwa.

Siku hizi wapo wenye midomo wanaosema Idara yangu ilikuwa ya kipuuzi. Hao hawajui kazi ya serikali. Nitaeleza mambo yalivyokwenda, moja baada ya jingine, na mtu mwenye akili timamu ataona kwamba kila hatua ilikuwa sahihi, na kwamba lililotokea mwishoni ni kosa la kima.

Miaka kumi na mmoja iliyopita, mchoraji wetu Mangtu alimchora Mtukufu akiwa kijana. Alimchora upande, bila shaka. Katika nchi yetu mtu mkubwa huchorwa upande. Uso mzima wanachorewa mashetani, na wageni wanaokuja kuuza farasi. Basi lilikuwepo jicho moja refu, sharubu zimepinda juu, kiuno cha kushikwa kwa viganja viwili, ua la waridi karibu na pua, na nyuma ya kichwa duara la dhahabu, maana Raja ana nuru. Mtukufu aliitazama picha hiyo asubuhi nzima, kisha akasema, "Huyu ndiye mimi." Idara yangu imejengwa juu ya maneno hayo matatu.

Mangtu akafanya kama walivyofanya baba yake na babu yake. Alichukua ngozi ya swala iliyokwanguliwa mpaka ikawa nyembamba ya kupitisha mwanga, akaiweka juu ya picha, akafuatisha mistari ya uso, kisha akaitoboa mistari hiyo kwa sindano. Hicho ndicho kiolezo. Ukikiweka juu ya karatasi mpya na kupakaza vumbi la makaa, ukikiinua unamkuta Raja yupo pale kwa nukta, tayari kupakwa rangi. Kwa kiolezo kimoja tulitoa Raja akiwinda chui, Raja akisikiliza zumari, Raja akitazama mvua. Mavazi tofauti, uso uleule. Kiolezo kilikaa ofisini kwangu ndani ya sanduku lenye kufuli tatu.

Mtukufu, kwa upande wake, aliendelea kula. Wali wa samli, maharagwe ya mtindi, madonge matamu ya ladu baada ya mlo na ladu kabla ya mlo. Sisemi zaidi ya hapo. Kusema zaidi ya hapo kulikuwa kosa, na kosa hilo nililitunga mimi.

Lilianza hivi. Muuza mafuta ya dubu kutoka nchi ya tambarare alikuja mjini na kilemba cha kuazima wakati Mtukufu yuko kambini kwenye mawindo. Akawaambia walinzi wa lango kwamba yeye ndiye Raja, karudi mapema. Wakampigia magoti. Alikaa jumba la kifalme siku nne, akala, akakata mashauri mawili, na kwa bahati mbaya aliyakata vizuri, mpaka watu wakaanza kuulizana kulikoni. Ndipo alipogundulika.

Mtukufu aliporudi alifadhaika sana, hasa kwa hayo mashauri mawili. Nikaandaa Amri ya Utambuzi. Kila lango litakuwa na nakala ya picha. Mtu yeyote atakayesema kwamba yeye ni Raja atalinganishwa na picha, kiungo kwa kiungo, na asipofanana haingii. Karani mmoja, kijana asiye na mustakabali, akainua mkono akauliza itakuwaje ikiwa Raja mwenyewe hafanani. Tukampa uhamisho kwenda kuhesabu kondoo mpakani. Lakini swali lake lilinisaidia, nikaongeza kifungu ambacho mpaka leo nakionea fahari: picha ndiyo asili na mwili ni nakala; nakala ikitofautiana na asili, kosa ni la nakala. Na mtu yeyote atakayemwita Raja mtu asiyefanana na picha, au atakayesema Raja na picha yake havifanani, ametenda kosa la kufananisha, na adhabu yake ni kuvunja mawe kwenye barabara ya mlimani.

Mtukufu alisoma, akacheka mpaka akashika ubavu, akatia dole gumba.

"Safi sana, Dhian Das," aliniambia. "Sasa hata nikizeeka, sizeeki."

Tatizo likaja kwenye pua. Ngozi ikitobolewa na kupakazwa vumbi miaka kumi na mmoja, matundu hupanuka, na ya puani ndiyo yaliyotumika zaidi. Picha baada ya picha, pua ya Mtukufu ikaanza kutawanyika usoni. Ilibidi tutengeneze kiolezo kipya, na mila ya wachoraji haina mchezo: kiolezo kipya hakifuatishwi kwenye picha ya zamani, huchorwa upya mwenye uso akiwa ameketi mbele ya mchoraji, juani.

Mangtu aliitwa. Ni mtu mwembamba, mpole, ana tabia ya kufumba jicho moja akikutazama, kana kwamba anakupima suruali. Alikuja na brashi yake ya manyoya ya mkia wa kindi, ile ambayo ncha yake ni unywele mmoja tu. Mtukufu aliketi barazani baada ya chakula cha mchana. Jua la msimu wa baridi ni tamu, akasinzia. Mangtu akachora. Mtukufu alipoamka aliomba aone.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, Mtukufu."

"Na haya hapa?"

"Ni videvu, Mtukufu."

"Vingapi?"

"Ukiwa umesinzia, vitatu. Ukiinua kichwa, viwili."

Siku ileile niliunda Kamati ya Kudumu ya Videvu, wajumbe saba. Tulikaa siku tisa. Kuhani mkuu alitoa hoja kwamba kidevu cha kwanza ndicho kidevu, na hivyo vingine ni shingo inayosonga mbele kwa heshima. Mkuu wa jeshi akapendekeza viitwe akiba. Tuliafikiana kwamba Mtukufu ana kidevu kimoja na kilichobaki ni namna ya kukaa. Tukaazimia litolewe tangazo mnalolijua, na mchoro wa Mangtu utupwe jaani kama karatasi isiyo na mhuri.

Kisha tukamwita Mangtu ajieleze. Nilitaka kumsaidia. Nilimuuliza kwa upole, "Mangtu, miaka kumi na mmoja iliyopita ulichora vizuri. Safari hii umebadilika nini?"

"Mimi sijabadilika, Bwana Mkuu," alisema.

Kuhani mkuu aliangusha tasbihi. Maana ukifikiri kidogo tu, kama mchoraji hajabadilika na picha imebadilika, basi kuna mwingine aliyebadilika. Lilikuwa ni kosa la kufananisha, limetendwa mbele ya mashahidi saba. Mtukufu, kwa huruma yake, alimpa nafasi. Mangtu atakaa kwenye mnara juu ya Lango la Maji mpaka Baisakhi, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Akichora kidevu kimoja, atarudi nyumbani. Asipochora, kesho yake, theluji ikiwa imeyeyuka barabarani, atapelekwa kwenye mawe.

Na kila mtu Manjhkot alijua maana yake. Mkono uliovunja mawe mwezi mmoja haushiki tena brashi ya unywele mmoja. Unashika jembe, unashika kamba ya ng'ombe, lakini brashi hapana.

Nilikwenda kumwona mara moja huko mnarani. Nilimkuta mkewe, Rukko, amekaa kizingitini akimwekea chakula: mikate ya mahindi juu ya sinia la shaba, mboga za haradali, na chupa ya achari iliyofunikwa kwa karatasi na kufungwa uzi. Rukko ni mwanamke ambaye sauti yake inamtangulia.

"Karibu, Bwana Mkuu," alisema. "Umekuja kuhesabu videvu vya mume wangu? Anacho kimoja, na kwa mlo wa hapa kinakwisha."

"Mama, nimekuja kwa nia njema."

"Nia njema yenu tumeiona. Imeweka kufuli."

Nilimgeukia Mangtu. Nikamwambia kazi yenyewe ni mstari mmoja, mfupi kama ukucha, auchore tu aende zake. Hapo Rukko akawa upande wangu, jambo ambalo sikulitarajia.

"Mchore basi, baba watoto!" alimwambia. "Mpe kidevu kimoja, mpe kiuno, mpe hata mabawa! Wewe unapungukiwa nini? Mkono huo ndio unaotulisha. Wakikupeleka kwenye mawe, tutakula nini, ukweli?"

Mangtu alikuwa anatazama viganja vyake. "Nimejaribu, Rukko. Jana nimejaribu siku nzima."

"Ikawaje?"

"Ikatoka sura ya mtu nisiyemjua." Akavifumba viganja. "Ingekuwa picha, ningechora, ikaenda zake ukutani. Hiki ni kiolezo. Violezo vya babu yangu ninavyo mpaka leo, na vya baba yangu. Nikitaka kujua Raja wa zamani alikuwaje, nafungua sanduku, namwona. Nikiweka humo uongo, watoto wetu watauchora wakidhani ndio ukweli, na wao watawapa watoto wao. Watakuwa wanaongopa kwa mkono wangu, mimi nikiwa majivu."

Rukko alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, kwa hasira, kama anayefukuza nzi. Na mimi, nakiri, nilijisikia vibaya. Nikajikumbusha kwamba Mkuu wa Idara akianza kujisikia, nchi haitawaliki. Nikamkumbusha Mangtu jambo jingine la kiofisi: msimamizi wa mawe alikuwa anangoja sura yake kwa ajili ya daftari la wafungwa, maana kila mfungwa wa mawe huchorwa, ili asije akajibadilisha na nduguye. Na kwa kuwa mchoraji wa daftari hilo ni Mangtu, itabidi ajichore mwenyewe. Alijichora palepale. Ilifanana sana.

Nilipokuwa natoka, nikaitazama vizuri ile karatasi iliyofunika achari. Ilikuwa na videvu vitatu.

"Mama, karatasi hiyo iliamriwa itupwe."

"Ilitupwa," alisema Rukko. "Nikaiokota. Karatasi nzuri kama hii, imesuguliwa kwa jiwe mpaka ikang'aa, mnaiweka jaani? Nyie mnatupa kila kitu isipokuwa vyeo vyenu."

Sikubishana naye. Kamati iliamua itupwe, haikusema ibaki jaani.

Sasa tufike Baisakhi. Asubuhi ya sikukuu Raja huoga mtoni, peke yake nyuma ya jiwe kubwa, na wahudumu wake thelathini husimama mbali wamempa mgongo, wakiwa na masinia ya ladu za sadaka. Maji ya mto wetu yametoka kwenye theluji wiki ileile. Mtu haogi, anaingia na kutoka. Mtukufu aliingia. Kabla hajatoka, kima wa msituni waliteremka kufuata ladu, wakazikuta nguo kwanza. Walibeba kilemba na shungi lake, joho, lulu na viatu, wakapanda navyo mierezi. Kumpiga kima siku ya sikukuu ni dhambi. Kwa hiyo wahudumu wote thelathini walisimama chini ya miti wakiwabembeleza kwa ladu, na kima wakala ladu na kubaki na nguo.

Mtukufu alikuwa anatetemeka. Alisubiri, akatukana, akasubiri tena, mwishowe akashika njia peke yake kurudi nyumbani, ana kitambaa kimoja kiunoni kinachovuja maji. Akafika Lango la Maji.

Pale alikuwepo Sundru. Sundru nilimchagua mwenyewe kwa kazi ile, kwa sababu ana mawazo machache na yote anayapata kazini.

"Simama hapo, mzee. Unakwenda wapi?"

"Fungua lango, mpumbavu wewe! Mimi ni Raja!"

Sundru hakumtukana. Aliingia kwenye kibanda chake, akatoa picha, akaitundika kwenye msumari wake, akaifuta vumbi. "Mtu yeyote atakayesema ni Raja, alinganishwe," alisema kwa sauti ya kukariri. "Umesema. Geuka upande."

"Nini?"

"Upande, mzee. Raja yuko upande. Nikikutazama hivyo ulivyo naona macho mawili, na hapa lipo moja. Hilo la pili ni la nani?"

Hapo ndipo nilipoitwa. Nilipofika nilikuta wanawake wa mitungi, waliokuja kuteka maji, wamekwisha kusimama, na Rukko katikati yao na kikapu chake. Alikuwa amemletea mumewe chakula cha mwisho, maana kesho yake ndiyo safari ya mawe. Macho yake yalikuwa yamevimba.

Nilimtambua Mtukufu papo hapo. Nalisema hili sasa kwa kuwa siku hizi si kosa. Sharubu zilikuwa zimelowa na kuning'inia, rangi nyeusi aliyozipaka inachuruzika kwenye videvu.

"Dhian Das!" alipiga kelele. "Mungu ameleta mtu! Hebu mwambie huyu punda mimi ni nani!"

Watu wote walinigeukia. Nikaitazama asili pale msumarini. Nikaitazama nakala. Nikakumbuka kifungu changu, neno kwa neno, na barabara ya mlimani jinsi ilivyo ndefu. Nikakohoa.

"Idara," nikasema, "haina kumbukumbu ya mtu huyu."

Maneno aliyonijibu Mtukufu siyaandiki. Wahudumu wake walikuwa wanafika mmoja mmoja, mikono mitupu. Mkubwa wao alifungua mdomo, na Sundru akamuuliza kwa adabu, "Unataka kusema anafanana na hii?" Akaufunga. Wote thelathini wakawa wanatazama viatu vyao, na kweli vilikuwa viatu vizuri.

Mtukufu akaelewa kwamba njia iliyobaki ni kufanana. Akachuma ua la porini kando ya njia, akageuka upande, akaliweka karibu na pua, akavuta pumzi, akaingiza tumbo lote ndani. Nawaambia kweli, kwa muda mfupi alikaribia. Wanawake wa mitungi wakabana pumzi pamoja naye.

"Nuru iko wapi?" aliuliza Sundru.

"Nuru gani?" Mtukufu alijibu, na alipojibu tumbo likarudi mahali pake.

Mmoja alianza kucheka, wakafuata wote. Rukko hakucheka. Aliondoa mikate yake juu ya sinia la shaba, akapita mbele, akaliinua sinia nyuma ya kichwa cha Mtukufu. Jua likalipiga.

"Haya, kaka Sundru, nuru hii hapa. Endelea."

Sundru alikagua, akaridhika. Akapima kiuno kwa viganja. "Vitano," alisema. "Kwenye picha viwili. Bado."

Saa zikaenda. Ilikuwa siku ya baraza, na baraza haliahirishwi. Wenye mashauri walikuwa wanangoja, na Mtukufu hakuwepo, kwa hiyo tuliweka picha juu ya mto wa kiti cha enzi na kuendelea. Shauri lilisomwa, tukaitazama picha, haikupinga, tukaandika. Mashauri tisa yalikatwa kabla ya alasiri. Hakuna aliyelalamika, na wawili walisema Raja leo kawasikiliza kwa makini.

Nilirudi langoni upepo wa theluji umeanza kushuka. Mtukufu alikuwa amekaa juu ya jiwe la wafua nguo, amejikunyata, meno yanagongana. Alikuwa amechoka hata kutukana. Rukko alimsogezea mkate.

"Kula, baba. Hata kama si Raja, njaa unayo."

Alikula mikate minne. Sundru aliandika: yule wa pichani hali mikate.

"Nikuambie kitu?" Rukko alisema, akiketi karibu naye kama anavyoketi mtu na mgonjwa. "Iko karatasi moja tu nchi hii nzima inayofanana na wewe. Aliyeichora kafungwa hapo juu ya kichwa chako, kesho mnamvunja mikono." Akafungua uzi wa chupa ya achari.

Mtukufu aliitazama karatasi. Ilikuwa na duara la mafuta pembeni, na mbegu ya haradali imenata kwenye sharubu. Aliitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama ile nyingine miaka kumi na mmoja iliyopita. Sundru akaja kulinganisha.

"Kidevu hiki kipo," alisema. "Na hiki kipo. Na hiki nacho. Tumbo, lipo. Huyu ndiye." Kisha akaongeza, "Lakini haina dole la Raja. Picha bila dole la Raja ni karatasi ya achari."

"Si ndiyo nalitia!" alisema Mtukufu.

"Wewe bado si Raja, mzee. Hujalinganishwa na picha halali."

Ilikuwa hoja nzito. Hawezi kuwa Raja mpaka picha ikubaliwe, na picha haikubaliwi mpaka awepo Raja. Hapa naomba kumbukumbu zionyeshe kwamba aliyeitatua ni mimi. Nilisema atie dole na kutamka kwa wakati mmoja, pasiwe na cha kwanza wala cha pili.

"Na mchoraji athibitishe kazi ya mkono wake," Rukko aliingilia haraka. "Ndivyo sheria inavyosema, au nimekosea, Bwana Mkuu?"

Hakukosea. Sheria niliiandika vizuri mno.

Mangtu aliteremshwa. Alisimama mbele ya Mtukufu, akafumba jicho moja kwa mazoea yake. Mtukufu alimtazama kutoka pale chini alipokaa.

"Mangtu. Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mtukufu. Nilisema tangu siku ile."

"Nimenenepa?"

Rukko alimshika mumewe mkono, ule wa kulia.

"Umenenepa, Mtukufu," alisema Mangtu. "Lakini jicho ni lilelile. Tazama, sikuligusa."

Mtukufu akalitazama. Kisha akachovya dole gumba kwenye mafuta ya achari, maana wino haukuwepo, akaligandamiza chini ya videvu vyake, akatamka kwa sauti iliyosikika mpaka mtoni, "Huyu ndiye mimi, na mimi ni mnene!" Sundru akafungua lango, akapiga goti, akasema, "Karibu nyumbani, Mtukufu. Tulikuwa na wasiwasi."

Jioni ile ngoma ilipigwa kwenye njia panda zote saba. Raja amenenepa. Watu walitikisa vichwa kwa heshima ya watu wanaopewa habari mpya. Mangtu alikwenda nyumbani na karatasi yake, kuitolea kiolezo. Sundru alipewa malango yote.

Asubuhi yake Mtukufu akauliza swali moja tu. Kama hiyo ya achari ndiyo asili, zile nyingine mia nne kumi na mbili ni nini? Zikaletwa. Zilikuwa ni sura za mtu asiyekuwepo, anayeitwa Raja kwa maandishi, na kila moja nyuma yake ilikuwa na sahihi ya aliyethibitisha kwamba inafanana. Sahihi ilikuwa moja. Kifungu cha kosa la kufananisha hakijafutwa, na kinasomeka kwa ufasaha.

Naandika taarifa hii kutoka barabara ya mlimani, maili ya tisa. Mwandiko mtanisamehe, vidole vyangu siku hizi vinashika kalamu kama vinashika mpini. Kazi inaendelea vizuri na nimependekeza iundwe kamati ya kokoto.

Kabla ya safari Mangtu alikuja kunichora kwa ajili ya daftari la wafungwa. Alikuwa mpole kama kawaida. Aliniuliza, "Bwana Mkuu, nikuchore ulivyo, au unavyotaka?" Nikamwambia ninavyotaka. Alifumba jicho moja, akanitazama sana, akachora nilivyo.

Kila asubuhi msimamizi wa mawe hunilinganisha na karatasi hiyo kabla ya kunipa nyundo. Naomba iandikwe mahali kwamba mpaka leo sijakataliwa hata mara moja.